Udhuru wa Alhamisi

Viti vilikuwa vimerundikwa ukutani, kimoja juu ya kingine, vya plastiki, vya kuazima kutoka ukumbi wa kanisa. Fauziya aliviona kabla hajamaliza kuvua viatu. Mezani palikuwa na chupa za chai. Akainyanyua kidogo iliyokuwa karibu naye. Ilikuwa nzito, haijamiminwa hata kikombe kimoja.

Hii ilikuwa siku ya nne tangu Kirabo afariki. Husby, huku Sweden, ni mtaa ambao mtu akivunjika mkono tu sebule yake hujaa watu na sufuria. Kwa Kirabo hakuna aliyekuja kukaa.

"Kaa popote, nyabo," alisema Proscovia, mjane wa marehemu, akimwita 'bibi' kwa Kiganda. "Nafasi unaiona mwenyewe."

Alikuwa bado na sare ya kazi, maana alihudumia wazee majumbani na wazee hawangoji mtu amalize kulia. Yeye mtu wa Masaka. Fauziya wazazi wake walikimbia kutoka Arua serikali ya kijeshi ya Uganda ilipoanguka, na Kiswahili ndicho kilichokuwa cha nyumbani kwao. Kwa hiyo wanawake hawa wawili wa nchi moja waliongea Kiswahili, kila mmoja na chake.

"Sikuja kama mgeni wa msiba, Mama," Fauziya alisema. "Nimetumwa na idara. Nachunguza makosa ya fedha."

"Najua. Lakini umekuja." Proscovia alimmiminia chai. "Kesho kutwa kikundi kinakutana. Watapiga kura kama watachanga kumsafirisha Kirabo akazikwe kwetu, ama hapana. Yuko kule Flemingsberg, kwenye friji ya hospitali ileile aliyofanyia kazi. Mimi pesa nitakopa. Nitafagia ofisi usiku. Ninachotaka ni kitu kimoja: waseme hakuwauza."

"Yeye mwenyewe alisema aliwauza."

"Alisema. Mimi nimelala na huyo mtu miaka yote hii. Hakuwauza."

Fauziya alikunywa chai yake. Faili alilijua kwa moyo, na faili halikuwa upande wa mama huyu.

Mambo yenyewe yalianza na mashine. Kampuni ndogo ya Lyftsund ilitengeneza mashine ya kumnyanyulia mgonjwa kitandani, na zile za mwanzo zilikuwa mbovu. Mifuko ya uwekezaji ya matajiri wa mjini ikaona hapo pana mlo. Ikakopa hisa za Lyftsund na kuziuza, ikingoja kampuni ife ili izinunue tena kwa bei ya chee, iwarudishie wenyewe na kubaki na faida. Hawakujua jambo moja. Mashine zilikuwa zimerekebishwa, na waliolijua hilo walikuwa wale wanaozishika kila siku: wahudumu na manesi, Wakenya, Waganda na Wakongo wa kikundi cha akiba alichokiongoza Kirabo.

Wakaanza kununua hisa kwa simu zao. Wakaeleza mtandaoni waliyoyaona kwa macho yao, na maelfu ya watu wadogo wa Sweden wakawafuata. Bei ikapanda, na aliyeuza hisa ya kukopa bei ikipanda hana pa kukimbilia, sharti anunue tena hata kama inamkata maini. Hapo ndipo mifuko ilipobanwa. Wiki chache zile, kwenye treni ya mstari wa buluu, ile ya kwenda Husby, ungewajua wanakikundi kwa namna walivyokaa wima.

Kisha akafa Mzee Eriya, mwanzilishi wa kikundi, mtu wa uhamishoni wa zamani, hana bima, hana ndugu huku. Jumatano jioni wakakutana sebuleni humu wakakubaliana: wote watauza Jumatatu, siku moja, saa moja, asiwepo wa kupata zaidi ya mwenzake, na mzee atasafirishwa kwa heshima. Ulikuwa uamuzi wa watu waungwana. Mfanyabiashara yeyote angewaambia kwamba wote kuuza pamoja ni kujichinja, lakini hawakuwa wakifanya biashara tena, walikuwa kwenye msiba.

Alhamisi, mfuko wa Askenvik, uliokuwa umeshakubali hasara na kuanza kununua, uligeuka ghafla. Ulikopa hisa mara mbili ya mwanzo na kuziuza. Jumatatu wanakikundi waliuza kwenye bei inayoporomoka, wafuasi wao wakatimua mbio, na akiba ya miaka ikayeyuka. Eriya alifika kwao, lakini kwa tabu. Jumanne, siku moja tu baada ya kuporomoka, Kirabo alikuwa amesimama mkutanoni akasema ni yeye aliyetoa siri. Wiki mbili baadaye moyo wake ulisimama, akiwa zamu, kwenye korido ya hospitali.

"Baada ya mkutano ule alikwambia nini?" Fauziya aliuliza.

"Kitu hakuna. Alinikataza tu kwenda kwenye mikutano. Na alianza kunitengenezea chai." Proscovia alitabasamu, kisha tabasamu likamharibikia mdomoni. "Miaka yote mimi ndiye natengeneza. Sasa narudi kazini nakuta kikombe changu kimefunikwa na sahani. Bambi, maskini mimi, nikafikiri ni mtu anaomba msamaha."

"Mshahara wako unaingia benki gani, Mama?"

"Yake. Akaunti ni ya Kirabo, vyote vinaingia humo. Mambo ya benki mimi siyawezi."

Fauziya alipoinuka, Proscovia alimwekea mkononi kopo la aiskrimu, la vanila, la plastiki, ambalo sasa lilikuwa na kabalagala, vile vitumbua bapa vya ndizi na muhogo. Kifuniko kilizibwa kwa utepe mpana wa buluu wa kazini, na ncha ya utepe ilikunjwa ndani.

"Ukivuta hapo kwenye mkunjo linafunguka," alisema. "Nimezoea kwa ajili ya wazee wangu, vidole vyao havina nguvu. Chukua. Nilipika vya watu wengi."

*

Kiprono, mweka hazina wa kikundi, alikuwa dereva wa basi. Walikutana kwenye chumba cha mapumziko cha madereva, mtaani Tensta, dirisha likiwa limepakwa matope ya theluji. Alikuwa Mkenya mrefu mwenye mvi za mapema, na alianza kuongea kabla hajaulizwa.

"Najua unanifuatia nini, madam. Mimi nilibonyeza kuuza Jumatano usiku, kabla ya wengine. Sikatai."

"Kwa nini?"

"Mtu wa majeneza alitaka deposit, na yeye hangoji Jumatatu ya mtu. Risiti ninayo."

"Nimeiona. Nilitaka nisikie ukisema mwenyewe."

Alishusha pumzi. "Sasa watu wameanza kuniangalia. Jana mama mmoja ameniambia, 'Kirabo hakuwa peke yake.' Unasikia hiyo? Ati hakuwa peke yake! Pesa yangu yote imeenda, na bado mimi ndio naangaliwa. Halafu tumekuja kuambiwa hisa zenyewe walizokopa zingine zilikuwa zetu. Kwenye ile app kuna mahali tulibonyeza kukubali zikopeshwe, bila kusoma. Walitupiga na fimbo yetu wenyewe."

"Kirabo alisema nini siku ile?"

Kiprono alitoa simu. Mikutano yote ya kikundi hurekodiwa kwa ajili ya walio kazini, akaeleza. Akabonyeza. Sauti ya Kirabo ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea karibu na vitanda.

"Ndugu zangu, msitafutane. Ni mimi. Nilikutana na jamaa mmoja wa ule mfuko, Ijumaa mchana, pale stesheni kuu. Nikamwambia tutauza Jumatatu. Walinilipa. Hii hapa, ilitoka kwa kampuni yao ya utafiti, ipite kila mtu aione. Naomba msitafutane tena."

Baadaye zikasikika kelele, na mwanamke akilia.

"Alionyesha malipo?"

"Alipitisha simu mkono kwa mkono. Si pesa nyingi. Hiyo ndio iliniuma. Mtu anakuuza, basi si akuuze bei ya maana?" Kiprono aligeuza uso dirishani. "Kirabo ndiye alinifundisha kuendesha kwa theluji. Kesho kutwa mimi ndiye nitasimamia kura. Nikisema tuchange, watasema nilikula naye. Nikisema tusichange, nitalala aje?"

Fauziya aliomba aisikie tena rekodi, kisha mara ya tatu. Kiprono alidhani anatafuta majina. Kumbe alikuwa anasikiliza siku iliyotajwa.

Njiani alimpigia simu Josefina, mkuu wake, mwanamke wa haki lakini mwenye mafaili mengi kuliko watu.

"Alikiri na amefariki," Josefina alisema kwa Kiswidi. "Malipo yapo kwenye akaunti yake. Lifunge, Fauziya."

"Anasema alitoa siri Ijumaa. Mfuko uligeuka Alhamisi."

"Watu hukosea siku."

"Huyu ni nesi, anaandika saa ya kila kidonge. Na nimeongea na wodi. Ijumaa ile alikuwa zamu kutwa nzima Flemingsberg, hakutoka hata kula. Hakuna jamaa aliyekutana naye stesheni."

Josefina aliuliza, "Kwa nini mtu adanganye ili aonekane mbaya?"

"Sijui mwingine anayefanya hivyo isipokuwa anayemfunika mtu. Umesikia anavyosema? Msitafutane. Mara mbili. Hakuwa anakiri, alikuwa anazuia msako."

"Una hadi kesho."

Treni ilipita chini ya mwamba na mawasiliano yakakatika. Fauziya alifungua kopo, akavuta utepe kwenye mkunjo wake, akala kabalagala moja. Ilikuwa tamu na laini, imepikwa na mtu aliyetarajia wageni. Akashindwa kula ya pili.

*

Rebecka alikuwa mchambuzi wa Askenvik, na kesho yake asubuhi alikuwa anakusanya vitu vyake. Ofisi ilikuwa Östermalm, mtaa wa matajiri, ghorofa ya juu, mlango hauna jina, sakafu ya mbao inayolia chini ya zulia la bei mbaya. Alikuwa kijana, nywele zimebanwa, macho yenye usingizi mbaya.

"Nimeacha kazi," alisema. "Kwa hiyo naweza kuzungumza, ila si kuhusu majina ya niliowahoji. Hayo nitamtajia mwendesha mashtaka akiniita."

"Sawa. Niambie basi mlichofanya bei ilipoanza kupanda."

Rebecka alikaa ukingoni mwa meza iliyokuwa tupu. "Mwanzoni tulicheka. Kila mfuko hucheka. Unasema hawa ni watu wa simu, watachoka wenyewe. Wasipochoka unapunguza dau lako kidogo, ushuke chini ya kiwango cha kutangazwa hadharani, ili wasijue wanampiga nani. Unatafuta mtu wa kuandika ripoti kwamba kampuni ni mbovu. Tuliandikiwa. Wakaijibu kwa video ya mhudumu mmoja akimnyanyua bibi wa kilo mia, bibi anaimba. Siku hiyo bei ilipanda kuliko siku zote."

"Halafu?"

"Halafu unasoma. Tulikuwa na programu ya kusoma kila walichoandika, na kukitafsiri. Ilituambia nani anaongoza na nani anaogopa. Shida ni kwamba hakuna aliyeogopa. Walikuwa wanaulizana habari za watoto." Alicheka bila furaha. "Na tulilipa watumiaji wa mashine kupitia kampuni ya utafiti, watueleze kama kweli inafanya kazi. Hilo linaruhusiwa. Wote walisema inafanya kazi. Basi tukaanza kununua, tukubali kipigo. Mkuu wangu alikuwa hali chakula."

"Mpaka Alhamisi."

"Mpaka Alhamisi."

"Ulimlipa nani Alhamisi?"

"Hakuna. Nakuapia. Mahojiano ya mashine tulilipa, ya zamani. Ile habari nilipewa bure."

"Aliyekupa ni mwanamume?"

"Nimesema sitaji majina," Rebecka alijibu, lakini alikuwa ameshatikisa kichwa kabla hajajizuia.

Fauziya alikuwa ameinuka kuaga alipoliona. Dirishani, nyuma ya sanduku la vitabu, palikuwa na kopo la aiskrimu, la peasi, limeoshwa likang'aa. Kwenye kifuniko chake ulining'inia utepe mpana wa buluu, ncha yake imekunjwa ndani.

Alitamani lau asingegeuka upande ule.

"Hicho ni nini?"

Rebecka aliwiva uso. "Sijui nikifanye nini. Nililetewa kikiwa na vitu vya ndizi. Nimekiosha, nilitaka kukirudisha. Lakini mtu anarudishaje kitu kama hicho, baada ya..." Akaacha.

"Nakijua ni cha nani," Fauziya alisema. "Huna jina la kutaja tena. Niambie alivyokuja."

Nje, mtu alikuwa akikwangua barafu juu ya paa.

"Tulikuwa na miadi Alhamisi mchana, mahojiano ya mwisho ya mashine," Rebecka alisema hatimaye. "Angetuma ujumbe mmoja tu, siwezi kuja. Ningeelewa. Badala yake alipanda ngazi asubuhi na sare yake, kabla ya kwenda kwa mteja wake mtaa wa pili. Akasimama hapo uliposimama akaniomba radhi. Akaeleza yote. Kwamba mzee amefariki, hana bima, sharti azikwe kwao. Kwamba kikundi chote kitauza Jumatatu ili wamsafirishe, na yeye atakuwa anapikia waombolezaji, kwa hiyo nisimhesabu wiki ile wala ijayo. Akanipa kopo. Nikamwambia nasikitika. Akalia, akanishukuru."

"Alijua unamfanyia kazi nani?"

"Alijua nachunguza mashine kwa niaba ya mteja. Hakuuliza mteja ni nani. Sikumwambia."

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikakaa. Nikala kimoja. Kisha nikaenda kwa mkuu wangu." Akafunga sanduku la vitabu. "Ingekuwa mimi, nisingemwambia mtu yeyote nina msiba. Sikuelewa kwa nini ananiambia."

Fauziya alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimkata. Kwao huvunji miadi na mtu kwa neno moja. Unakwenda mwenyewe, unatoa udhuru, na udhuru nusu ni dharau, kwa hiyo unautoa wote, na mkono wako usiwe mtupu. Mama yake angefanya vilevile. Yeye mwenyewe angefanya vilevile. Programu ya Askenvik ilisoma maelfu ya ujumbe ikaambulia patupu, na mlango ulikuja kufunguliwa na adabu.

"Kuna kosa kisheria?" Rebecka aliuliza.

"Nitaliandika na kulipeleka. Mkuu wangu atasema halina jina kwenye sheria."

"Na wewe?"

"Nipe hilo kopo," alisema Fauziya.

*

Katika duka la Husby alinunua sukari, akaimimina ndani ya kopo la peasi hadi juu, akalifunga kwa utepe uleule. Mama yake asingemsamehe kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu, sembuse nyumba yenye msiba. Mwenye duka alimwangalia akimimina, akajua inaelekea wapi, akainamisha kichwa.

Viti vilikuwa palepale. Proscovia alipokea kopo kwa mikono miwili.

"Sukari! Wa kwanza wewe." Macho yalimjaa. "Na kopo umenirudishia upesi hiv..."

Akalitazama vizuri.

"Mimi nilikupa la vanila."

"Ndiyo, Mama."

"Hili la peasi lilikuwa moja tu. Ni la aiskrimu ya Mzee Eriya, alikuwa hapendi nyingine, nilimpelekea hospitali mpaka mwisho." Kidole chake kilipita juu ya utepe, kikasimama kwenye mkunjo. "Hili nilimpa yule msichana wa mashine."

Fauziya alikuwa amepanga maneno njiani. Akayaacha.

"Anafanya kazi Askenvik," alisema.

Proscovia hakupiga kelele. Alikaa chini, sakafuni, kopo likiwa mapajani, akabaki akitikisa kichwa polepole.

"Niliomba radhi tu."

"Najua."

"Alikuwa ameacha kazi zake kunisubiri. Sasa nisiende? Nimwambie siwezi, hivyo tu, kama mtu hana wazazi?"

"Hapana, Mama. Haiwezekani."

"Na zile pesa za mahojiano niliwapa namba ya akaunti ya Kirabo. Sina nyingine." Alifunga macho. "Jumatatu ile, bei ilipoanguka, aliniuliza. Taratibu, anavua viatu. 'Mama, wiki iliyopita uliongea na nani?' Nikamwambia na nani tena, na wazee wangu, na yule msichana wa Östermalm, Alhamisi, nilimpitia nikampa udhuru. Akaniuliza kama nilitaja siku ya kuuza. Nikamwambia nimetaja, ndiyo, sasa udhuru bila siku ni udhuru gani? Mimi nikaendelea kumenya ndizi. Akaenda jikoni akanichemshia chai."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa Kiganda, maneno ambayo Fauziya hakuyajua, ila jina la Kirabo lilirudi tena na tena. Fauziya alikaa sakafuni kando yake akalia naye, kazi ama si kazi.

"Ndiyo maana alisema Ijumaa," Fauziya alisema baadaye. "Na stesheni, na mwanamume. Alitaka asiwepo mtu wa kuitazama Alhamisi."

"Mimi nilikasirika naye. Alipokiri nilimgeuzia mgongo kitandani. Wiki mbili, nyabo. Amekufa nimemgeuzia mgongo, na yeye ananificha mimi."

Fauziya alipangusa uso kwa kiganja, akasema lile aliloweza kusema kama mpelelezi.

"Nisikilize, Mama. Ripoti yangu inatosha kumsafisha. Wodi itathibitisha Ijumaa alikuwa zamu. Nitaandika kwamba siri ilitoka kwa mtu ambaye hakujua anaongea na nani, na hakulipwa kwa hiyo siri. Jina lako si lazima lifike kwenye kikundi. Kesho wanakutana. Nitakwenda niwasomee, watachanga, atasafiri."

Proscovia alifikiri, akigeuza kopo mikononi.

"Na wataanza kuulizana, ni nani basi."

"Labda."

"Si labda. Wameshaanza kumwangalia Kiprono, nimesikia. Watamla mzima mzima, na ana roho nzuri yule. Kirabo alisema wasitafutane. Akajitoa yeye ili wasitafutane. Sasa nimwache alale kwa amani halafu nimtupe mwingine?"

"Watakuchukia."

"Pengine." Alinyoosha mkono. "Nipe simu yangu, iko hapo juu ya friji. Kirabo walimtoa kwenye grupu. Mimi walisahau."

Aliishika simu karibu na mdomo, kama wafanyavyo kina mama wa rika lake, akabonyeza na kidole gumba. Sauti ilianza kwa kukwaruza kisha ikanyooka.

"Jamani, hamjambo. Ni Proscovia, mke wa Kirabo. Msipige kura bado. Aliyewaambia wale watu ni mimi. Nilikuwa na miadi na msichana, nikaenda kumpa udhuru kwa sababu ya msiba wa Mzee Eriya, nikamweleza yote, sikujua ni wao. Kirabo alijua, akasema ni yeye ili mimi nisiaibike. Hakumwambia mtu, hata mimi hakuniambia. Hakuwauza. Kiprono pia hakuwauza. Kama mna hasira leteni kwangu, mimi niko nyumbani, sina pa kwenda. Lakini yeye naomba mumlilie. Amekaa siku tano hajaliliwa."

Akaachia kidole. Ujumbe ulikwenda. Waliangalia alama ndogo chini yake, kisha Proscovia akailaza simu kifudifudi juu ya meza, kando ya chupa za chai, akainuka akishikilia ukuta.

Simu ilitetema mara moja. Ikanyamaza. Ikatetema tena, na tena, ikisogea kidogo kidogo juu ya meza. Fauziya alinyoosha mkono kuichukua.

"Iache," Proscovia alisema.

Alikwenda kwenye rundo la viti, akashika cha juu kabisa. Kilikuwa kimekwama ndani ya mwenzake. Akakivuta, kikagoma.

"Nisaidie, mwanangu. Wakija kumlilia yeye ama kunihukumu mimi, watahitaji pa kukaa."

Wakashika kila mmoja upande wake, wakavuta, kikatoka.